Kichocho: Sababu ya Kuacha Maji ya Lambo Yatulie kwa Saa 48

Wakazi wengi wa Kaunti ya Kwale wanaotegemea malambo, vijito na vidimbwi kwa maji ya matumizi ya nyumbani wamewahi kusikia ushauri huu kutoka kwa wahudumu wa afya ya jamii: maji ya kuogea na kufulia yakishatekwa, yawekwe kwenye chombo chenye kifuniko kwa siku mbili kabla ya kutumiwa. Ushauri huo hupuuzwa mara nyingi, kwa sababu maji yaliyokaa siku mbili hayana tofauti kwa macho na yale yaliyotekwa asubuhi hiyo. Rangi ni ile ile, harufu ni ile ile, na hakuna dawa iliyotiwa.

Hata hivyo, ndani ya siku hizo mbili kuna kitu kinachotokea. Mdudu anayesababisha kichocho, akiwa majini akimtafuta mtu, hali chakula chochote. Anaishi kwa akiba aliyozaliwa nayo, na akiba hiyo ikiisha, naye amekwisha. Makala haya yanaeleza jinsi akiba hiyo inavyofanya kazi, jinsi familia inavyoweza kuitumia kujikinga, na mahali ambapo kinga hiyo hufika kikomo.

UGONJWA WENYEWE

Kichocho husababishwa na minyoo bapa wanaoishi ndani ya mishipa ya damu. Huku Pwani ya Kenya aina inayopatikana ni kichocho cha mkojo. Minyoo hao, wenye urefu wa takriban sentimita 1 hadi 2, hukaa katika mishipa iliyo karibu na kibofu cha mkojo na viungo vya uzazi. Jike hutaga mayai kila siku. Sehemu ya mayai hayo hupenya ukuta wa kibofu na kutoka na mkojo, na sehemu nyingine hukwama ndani ya mwili na kusababisha vidonda na makovu.

Dalili inayojulikana zaidi ni damu kwenye mkojo, hasa mwishoni mwa haja, pamoja na maumivu wakati wa kukojoa. Katika baadhi ya jamii, mvulana anayekojoa damu huchukuliwa kuwa amebalehe, na wazee hawashtuki. Hilo si kweli. Damu kwenye mkojo wa mtoto ni ugonjwa, na ugonjwa huo usipotibiwa humpunguzia mtoto damu, humdumaza na kumfanya ashindwe kumakinika darasani. Ukiendelea kwa miaka mingi unaweza kuharibu figo na kusababisha saratani ya kibofu.

Kwa wasichana na wanawake, mayai hukwama pia katika shingo ya kizazi na uke. Hali hiyo huleta maumivu, kutokwa na uchafu au damu, na wakati mwingine ugumba. Dalili hizo hufanana na za magonjwa ya zinaa, na kuna wasichana wanaoshukiwa na hata kulaumiwa nyumbani ilhali kosa lao pekee ni kufua nguo kijitoni. Aidha, vidonda hivyo huongeza uwezekano wa kuambukizwa virusi vya UKIMWI.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2021 zaidi ya watu milioni 251 duniani walihitaji dawa za kukinga au kutibu kichocho, na wengi mno kati yao wako barani Afrika. Shirika hilo limeweka lengo kwamba kufikia mwaka 2030 kichocho kisiwe tena tishio kwa afya ya umma.

SAFARI YENYE VITUO VIWILI

Daktari Mjerumani Theodor Bilharz ndiye aliyemtambua mnyoo huyu kwa mara ya kwanza, mwaka 1851 jijini Cairo, Misri. Lakini ilichukua zaidi ya miaka 60 kabla ya kujulikana mdudu huyo anavyomfikia mtu. Mwaka 1915, mtafiti Robert Leiper, naye akiwa Misri, alionyesha kwamba ni lazima mdudu apitie kwanza ndani ya konokono wa majini.

Kwa hivyo maisha ya mdudu wa kichocho yana makao mawili, mtu na konokono, na kati ya makao hayo kuna safari mbili za majini. Safari ya kwanza ni kutoka kwa mtu kwenda kwa konokono. Safari ya pili ni kutoka kwa konokono kurudi kwa mtu. Katika makao yote mawili mdudu ana chakula tele. Katika safari zote mbili hana chakula hata kidogo.

SAFARI YA KWANZA: SAA CHACHE ZA KUMTAFUTA KONOKONO

Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, mayai hukutana na maji baridi yasiyo na chumvi, yenye mwanga na joto la jua. Mabadiliko hayo huyafanya mayai yaanguliwe, wakati mwingine ndani ya dakika chache. Katika kila yai hutoka kijidudu kimoja kiitwacho mirasidia. Ni kidogo mno, kama sehemu ya sita ya milimita, na mwili wake umefunikwa na vinyweleo vinavyopiga maji bila kupumzika. Huogelea kwa kasi ya takriban milimita 2 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara kumi ya urefu wa mwili wake kila sekunde.

Mwendo huo una gharama. Mirasidia hana mdomo wa kulia wala utumbo wa kusagia chakula. Nguvu zake zote zinatokana na glaikojeni, aina ya wanga ambayo hata binadamu huiweka kwenye ini na misuli kama akiba. Akiba hiyo aliwekewa akiwa bado ndani ya yai. Kwa sababu hiyo mirasidia huishi si zaidi ya siku moja hivi, na uwezo wake wa kumwingia konokono hupungua sana baada ya saa 8 hadi 12.

Ni lazima pia ampate konokono anayefaa. Kwa kichocho cha mkojo, huyo ni konokono mdogo wa jamii ya Bulinus, anayeishi kwenye malambo, madimbwi na sehemu za vijito ambapo maji hayaendi kwa kasi. Asipompata, hufa majini na mambo huishia hapo.

Hapa ndipo umuhimu wa choo unapoonekana. Mkojo ukienda chooni au ukimwagika kwenye ardhi kavu mbali na maji, mayai hayo hayawezi kumfikia konokono. Mtoto anayeombwa atoke majini kwanza aende haja kando, mbali na ukingo, amewanyima mirasidia nafasi waliyohitaji.

Kuna jambo jingine linalofaa kujulikana na wazazi. Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ndiyo maana zahanati huomba mkojo wa kupimwa utolewe wakati huo. Lakini huo ndio wakati ambao, siku za likizo na jua kali, watoto huwa wamejaa lamboni wakiogelea.

NDANI YA KONOKONO: MLO WA BURE

Mirasidia akimpata konokono, hupenya ndani, huacha vinyweleo vyake na kugeuka kuwa kifuko kinachofyonza sukari na lishe nyingine za konokono huyo. Hapo shida ya chakula imekwisha. Kifuko kimoja huzaa vingine, na baada ya wiki kadhaa, kwa kawaida nne hadi sita au zaidi, konokono huanza kutoa lava wa aina nyingine wanaoitwa sekaria. Mirasidia mmoja aliyefaulu anaweza kuzaa maelfu ya sekaria. Konokono mmoja mwenye ambukizo anaweza kutoa mamia, na wakati mwingine zaidi ya elfu moja, kwa siku moja.

Kiangazi hakimalizi tatizo hili. Lambo linapokauka, baadhi ya konokono wa Bulinus hujificha ndani ya matope wakisubiri mvua. Mvua inaponyesha na lambo kujaa tena, huibuka na kuzaana upya. Maji mapya, kwa hivyo, hayamaanishi lambo jipya.

SAFARI YA PILI: KOROBOI ISIYOONGEZWA MAFUTA

Sekaria ndiye anayemwambukiza mtu. Ana urefu usiofika milimita moja, ana mwili mdogo na mkia uliogawanyika mwishoni mithili ya panda ya manati. Kwa macho ni vigumu kumwona. Hutoka kwenye konokono kwa kuamshwa na mwanga, na wengi hutoka kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, yaani wakati ambao watu wengi huwa majini wakifua, wakioga, wakinywesha mifugo au wakicheza.

Kama mirasidia, sekaria naye hali kitu. Njia rahisi ya kumfikiria ni koroboi iliyojazwa mafuta ya taa mara moja tu. Hakuna wa kuiongeza. Swali ni moja: itawaka kwa muda gani kabla ya kuzimika?

Mafuta ya sekaria ni glaikojeni, na sehemu kubwa yake imo kwenye misuli ya mkia, kwa sababu mkia ndio unaofanya kazi ya kuogelea. Ili akiba hiyo idumu, sekaria hutumia mbinu mbili.

Mbinu ya kwanza ni kubana matumizi. Haogelei wakati wote. Huupiga mkia kwa muda mfupi akipanda juu kuelekea uso wa maji, kisha hutulia na kujiacha azame polepole, halafu hupanda tena. Kuzama hakumgharimu kitu. Akiwa karibu na uso wa maji ana nafasi kubwa zaidi ya kukutana na mguu au mkono wa mtu.

Mbinu ya pili ni kuichoma akiba yake hadi mwisho. Glaikojeni huvunjwa kuwa sukari, na sukari hiyo huchomwa kwa kutumia oksijeni iliyo ndani ya maji. Kazi hiyo hufanyika katika viwanda vidogo vya seli viitwavyo mitokondria, sawa na vilivyo katika mwili wa binadamu. Sukari ikichomwa kwa oksijeni hutoa nishati zaidi ya mara kumi ya ile inayopatikana ikivunjwa bila oksijeni. Kwa kiumbe asiye na chakula kingine, tofauti hiyo ndiyo inayompa saa za ziada za kuishi.

Pamoja na ubanaji huo wote, mafuta huisha. Sekaria wengi hufa ndani ya saa 24 hadi 48 baada ya kutoka kwa konokono. Hata kabla hajafa, sekaria aliyechoka hana tena nguvu za kupenya ngozi. Uwezo wake wa kuambukiza huwa mkubwa katika saa za mwanzo, kisha hushuka kadiri akiba inavyopungua.

JOTO HUFUPISHA MAISHA YAKE

Koroboi ambayo utambi wake umepandishwa humaliza mafuta haraka. Kwa sekaria, utambi ni joto la maji. Maji yakiwa na joto, kazi ndani ya mwili wake huenda kasi na glaikojeni huisha mapema. Yakiwa baridi, kazi hupungua na maisha yake hurefuka.

Mwaka 1980, watafiti Lawson na Wilson walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu sekaria wa kichocho cha tumbo, ndugu wa karibu wa kichocho cha mkojo. Walionyesha kwamba muda wa kuishi wa sekaria unategemea joto la maji, na kwamba joto hilo linakwenda sambamba na kasi ya kutumia glaikojeni.

Kwa mkazi wa Kwale hili lina maana mbili. Kwanza, joto la Pwani linasaidia, kwa sababu maji yaliyowekwa ndani ya pipa katika hali yetu ya hewa humchosha sekaria mapema. Pili, si vyema kufupisha muda kwa kutegemea joto hilo. Usiku wa msimu wa baridi, au pipa lililowekwa kivulini, humwongezea sekaria saa za kuishi. Saa 48 zimewekwa ili kuwe na nafasi ya kutosha hata hali ikiwa hivyo.

AKISHAINGIA, HESABU HUBADILIKA

Sekaria hutambua ngozi ya mtu kwa joto lake na kwa kemikali zilizo juu ya ngozi, yakiwemo mafuta ya asili. Akigusa ngozi, hutumia vimeng'enya kujichimbia njia na huingia ndani ya dakika chache tu. Mkia huachwa nje. Mtu anaweza kuhisi mwasho au kuona vipele vidogo, au asihisi chochote.

Tangu hapo, yule kiumbe aliyekuwa akihesabu kila chembe ya sukari hugeuka mlaji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba sekaria anapowekwa mahali penye sukari nyingi, hubadilisha namna yake ya kupata nguvu. Badala ya kuichoma sukari hadi mwisho kwa oksijeni, huanza kuivunja juu juu na kutoa asidi laktiki, ile ile inayotengenezwa na misuli ya mtu anapokimbia kwa kasi. Ni njia ya ubadhirifu, lakini mnyoo aliye ndani ya damu hana sababu ya kubana matumizi, kwa kuwa damu humletea sukari mpya kila wakati. Tangu mwaka 1950 imejulikana, kupitia kazi ya mtafiti Ernest Bueding, kwamba mnyoo mkubwa wa kichocho anaweza kutumia kwa saa moja sukari yenye uzito wa karibu sehemu ya tano ya uzito wake mkavu.

Hii ndiyo sababu kungoja kunafaa pipani lakini hakufai mwilini. Ndani ya pipa, sekaria hufa njaa kwa siku mbili. Ndani ya mtu, minyoo huishi kwa wastani wa miaka 3 hadi 5, na wengine kwa miaka mingi zaidi, wakitaga mayai kila siku. Kukojoa damu kukikoma kwa muda hakumaanishi kwamba minyoo wameondoka.

NAMNA YA KUTUMIA SAA 48 NYUMBANI

Familia yenye vyombo vitatu vikubwa vyenye vifuniko, viwe mapipa, mitungi au ndoo, inaweza kuwa na maji yaliyotulia kila siku bila kukosa. Utaratibu ni huu:

1. Jumatatu asubuhi jaza chombo cha kwanza. Jumanne asubuhi jaza cha pili. Jumatano asubuhi jaza cha tatu.

2. Jumatano hiyo hiyo, baada ya saa 48 kutimia, anza kutumia maji ya chombo cha kwanza. Yatumie siku nzima. Alhamisi asubuhi kioshe na ukijaze tena.

3. Alhamisi tumia chombo cha pili, ukijaze upya Ijumaa asubuhi. Ijumaa tumia cha tatu, ukijaze Jumamosi asubuhi. Jumamosi chombo cha kwanza kitakuwa kimetimiza tena saa 48, na mzunguko unaendelea.

Kila chombo kiwekwe alama, kwa makaa au rangi, ili hata mtoto ajue kipi ni cha leo. Muhimu zaidi, utaratibu huu una masharti ambayo yakivunjwa, kungoja hakuna faida:

Konokono asiingie chomboni. Sekaria aliyemo hufa kwa kukosa akiba, lakini konokono akiwemo ataendelea kutoa wapya kila siku. Maji yachujwe kwa kitambaa safi wakati wa kumimina, na majani yaliyoshikana na maji yaondolewe. Kitambaa huzuia konokono, lakini kisitegemewe kuzuia sekaria, ambaye ni mdogo mno.

Maji mapya yasiongezwe juu ya yale yaliyotulia. Kata moja ya maji ya lamboni ikimiminwa humo, hesabu ya saa 48 inaanza upya.

Maji yaliyotulia hayajawa salama kwa kunywa. Saa 48 zinamkabili mdudu wa kichocho peke yake. Vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara havitegemei akiba hiyo. Maji ya kunywa ni lazima yachemshwe au yatiwe dawa.

Asiyeweza kungoja anaweza kutumia moto. Maji ya kuoga yaliyopashwa hadi nyuzi 50 za selsiasi kwa dakika 5 humuua sekaria. Kwa asiye na kipimajoto, njia ya uhakika ni kuyachemsha kwa dakika moja kisha kuyaacha yapoe.

ANAYETEKA MAJI NAYE AKINGWE

Kuyatuliza maji nyumbani humkinga anayeyatumia. Anayeyateka, ambaye mara nyingi ni mama au binti, bado yuko hatarini ikiwa analazimika kuingia majini hadi magotini ili kujaza mtungi.

Kwa kuwa sekaria wengi hutoka kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda mbaya zaidi wa kuingia majini ni huo na saa zinazoufuata. Alfajiri, wale waliotoka jana yake wamekwisha kutumia sehemu kubwa ya akiba yao, na wapya bado hawajatoka. Hatari hupungua, ingawa haiishi kabisa. Kusimama ukingoni na kutumia ndoo yenye kamba, au kuvaa buti za mpira, husaidia zaidi kuliko kubadilisha saa peke yake. Kujikausha haraka kwa kitambaa baada ya kugusa maji kunaweza kuwaondoa baadhi ya sekaria, lakini si kinga ya kutegemewa, kwani kupenya huchukua dakika chache tu.

Baadhi ya maji hayana hatari ya kichocho. Maji ya bahari ni mojawapo, kwa kuwa konokono wa Bulinus hawaishi kwenye chumvi, hivyo watoto wanaoogelea baharini hawapati kichocho huko. Maji ya mvua yaliyovunwa kutoka kwenye paa hadi tangini, maji ya kisima kilichofunikwa na maji ya bomba yaliyosafishwa pia hayana konokono.

TAHADHARI KWA WAFUGAJI

Kuna minyoo bapa wengine ambao kanuni ya siku mbili haiwahusu. Wafugaji wanawajua minyoo wa maini, wanaodhoofisha ng'ombe, mbuzi na kondoo. Hao nao hupitia kwa konokono wa majini, lakini lava wao hawamngoji mnyama majini. Hujibandika kwenye majani ya ukingoni, huupoteza mkia na kujijengea ganda gumu. Ndani ya ganda hilo hawasogei, kwa hivyo hutumia nishati kidogo sana, na mahali penye unyevu wanaweza kudumu kwa wiki nyingi, hata miezi. Mnyama hula majani na kuambukizwa. Binadamu pia anaweza kuambukizwa akila mboga mbichi za ukingoni. Majani ya namna hiyo yaliyokatwa yakawekwa siku mbili bado yana hatari, na dawa ya mifugo kutoka kwa afisa wa mifugo ndiyo suluhu.

MATIBABU

Kichocho kinatibika. Dawa ni prazikwanteli, vidonge vinavyomezwa kulingana na uzito wa mgonjwa, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo kwa kichocho cha mkojo. Wanafunzi hupewa dawa hiyo wakati wa kampeni za kutibu minyoo katika maeneo yenye ugonjwa. Kizunguzungu, maumivu ya tumbo au kichefuchefu vinaweza kutokea baada ya kuimeza, hasa kwa mwenye minyoo wengi, na kwa kawaida hupita baada ya muda mfupi. Ni vyema kumeza dawa mtu akiwa amekula.

Mambo mawili yanafaa kukumbukwa. Kwanza, prazikwanteli huua minyoo waliokomaa, lakini haiwaui vizuri wale wachanga walioingia wiki chache zilizopita. Aliyemeza dawa kisha dalili zikarudi anafaa kurejea zahanati kupimwa tena, badala ya kukata tamaa kwamba dawa haifanyi kazi. Pili, dawa haizuii ambukizo jipya. Mtoto aliyetibiwa asubuhi anaweza kuambukizwa tena adhuhuri hiyo hiyo akirudi kuogelea katika lambo lile lile.

Wanawake na wasichana wenye maumivu ya nyonga, kutokwa na uchafu usioisha au damu baada ya tendo la ndoa, na ambao wamekulia au wanaishi karibu na malambo na vijito, wanafaa kumweleza mhudumu wa afya kuhusu maji wanayotumia. Taarifa hiyo moja inaweza kubadilisha uchunguzi wote, na kumwondolea msichana lawama isiyo yake.

Mkazi anayeona damu kwenye mkojo, wake au wa mtoto wake, afike katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ikiwezekana kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai huonekana kwa urahisi katika kipimo. Anaweza pia kuzungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake, au afisa wa afya ya umma wa wadi, ili kupata ushauri kuhusu maji, choo na dawa. Wakati huo huo, pipa la kwanza linaweza kujazwa leo.